Notisi ya Siku Sita

Jinja, Novemba 1990

Redio tuliifunga kwa mpira wa baiskeli,
betri zake tulizianika juani mchana kutwa,
na jioni ikatoa sauti ya London, kavu kama ya karani:
mama yule ametoka katika nyumba ya serikali,
machozi ndani ya gari.

Mama yangu, Bi Zamuradi, hakuinua macho
kutoka kwenye tabaga lake la ukindu.
"Risasi ngapi?" akauliza.
"Hata moja," akajibu Bwana Thanki.
"Vifaru?"
"Hakuna."
"Basi ameondolewa na nini?"
"Na chama chake. Kwa kura nne."

Bwana Thanki alikuwa mgeni wetu, siku ya tatu.
Koti la sufi katika joto la Jinja,
miaka kumi na minane ya Lesta mabegani,
kiwanda cha soksi, zamu ya usiku.
Mara tatu alikipigia kura chama cha mama yule,
na kaka yake, chini ya paa lile lile, mara tatu Leba.
Wiki za uchaguzi, alisema, chumvi ilipita mezani bila neno.

Akatueleza taratibu, kama mtu anayehesabu chenji:
alipata nyingi kuliko mpinzani, ila hazikutosha;
sheria yao ilitaka ziada, na ziada ikapungua nne.
"Kashinda, halafu kashindwa?"
"Ndiyo, Bi Zamuradi."
"Na hao waliomnyima, aliwajua?"
"Wengi walimwahidi machoni,
wakamnyima karatasini."

Hapo nikakumbuka mlolongo wetu wa mwaka jana,
uwanja wa Walukuba, kila mtu nyuma ya amtakaye.
Mimi nilisimama nyuma ya mwalimu Isabirye,
na Kenyi mchinjaji akauona mgongo wangu.
Tangu siku ile sijauziwa maini,
ni mifupa tu, na mifupa yenyewe kwa bei ya nyama.
Mgongo hauna siri. Karatasi inayo.
Mpaka leo sijui kipi kinauma zaidi.

"Lakini kosa lake?" Mama akashikilia.
"Mengi. Kubwa lao, kodi ya kichwa.
Tajiri na mfagiaji, sawa kwa sawa."
Tabaga likaanguka.
"Kodi ya kichwa! Wao?
Ile waliyotuletea hapa kwa kalamu na kiboko,
baba yangu akalala siku mbili ndani ya mafunjo,
maji kifuani, askari wa chifu wakipita juu?
Wameionja wenyewe?"
Akacheka hadi akatafuta ncha ya gurbaba afute macho,
na Bwana Thanki naye akacheka,
chai ikamwagika kwenye sahani.

Kisha kicheko kikakatika kama umeme wetu.
Maana juu ya mlango wa nyumba hii tunayokaa,
kwenye saruji, chini ya chokaa tuliyopaka sisi,
bado zinasomeka herufi za jina la baba yake
na mwaka, 1938.
Sisi tuna barua ya Bodi
na risiti za pango za miaka kumi na sita.
Yeye ana hati, imekunjwa mara nne, mfuko wa ndani.
Siku tatu anakunywa chai yetu,
hajaitoa.

Koroboi ikayumba.
Mama akaliokota tabaga, akatafuta uzi ulipokatikia.
"Yule mama," akauliza polepole,
"tangu asalimu amri hadi ahame, zilipita siku ngapi?"
Bwana Thanki akatazama dari,
lile doa la mvua lenye umbo la kiatu.
"Sita," akasema.
"Na masufuria alimfungashia nani?"

Hakujibu.
Akavua koti, kwa mara ya kwanza tangu afike,
akalitundika kwenye msumari nyuma ya mlango,
gizani,
bila kupapasa.